Jeep Gani Itaenda Mitwaba

Mume wangu Edouard hana gari. Naanza na hilo kwa sababu wanaopita mbele ya lupango yetu hapa Kampemba hawaamini. Lupango ndivyo tunavyoita kiwanja chenye nyumba na ukuta wake. Wakichungulia getini wanaona jeep tatu zimepangwa chini ya bati, wanatikisa kichwa na kusema huyu mzee alikula vizuri enzi zake. Wangeniuliza mimi, Madeleine, mke wake, ningewajibu: kiwanja ni chake, bati ni lake, geti ni lake. Jeep ni za watoto. Kazi yake yeye ni kufungua geti.

Na anaifanya kweli. Asubuhi akisikia injini inawashwa anaacha chai, anakwenda akivuta mguu mmoja, anasukuma chuma kile mpaka mwisho, anasimama pembeni kama mlinzi. Wanampigia honi, wanapita. Jioni hivyo hivyo. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote ya kazi, mpaka Kamina na mbele ya Kamina, leo anangoja honi! Nimeshamwambia awaache wafungue wenyewe, wana mikono. Ananijibu kwamba treni nayo haiendi kama hakuna mtu wa kuifungulia njia.

Gari hajui kuendesha. Hakujifunza. Alipokuwa kijana alisema usukani ni wa watu wasiojua wanakokwenda, kwa maana reli inajua yenyewe. Alipostaafu akatamani kujifunza, lakini macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na nyonga yake ilikwisha kuharibika siku alipoteleza akishuka kwenye injini. Basi akabaki na geti.

Sasa hizo jeep. Ya kwanza ni ya Jean-Claude, mtoto wetu mkubwa, anayefanya kazi mgodini. Ni nyeupe, ndefu, na nyuma ina fimbo yenye kibendera chekundu juu, ili yale malori makubwa ya mgodini yaione yasije yakaikanyaga. Hata ikiwa mbele ya kanisa kibendera kinapepea. Gari ni la kampuni, na ndani yake kuna kidude kinachowaambia wakubwa liko wapi saa yoyote. Ya pili ni ya Plamedie, binti yetu, anayeuza vitenge na viatu na kila juma yuko Kasumbalesa mpakani. Hiyo ni ndogo, nyeusi, inang'aa, na usukani wake uko kulia kwa sababu ilitoka Japani ikapitia Dar es Salaam. Viti vyake havijavuliwa plastiki mpaka leo. Jua likiwaka, ukikaa unaungua mapaja, lakini ukigusa ile plastiki Plamedie anakutazama kana kwamba umemvua nguo. Ya tatu ni ya Hénoc. Huyo nilimzaa Mkatoliki, akabatizwa, akapata komunyo, halafu akatoka mchungaji wa kanisa lake mwenyewe. Waamini walimnunulia jeep nzito yenye tairi pana, na kwenye kioo cha nyuma wakaandika MKONO WA BWANA. Sisi nyumbani tunaiita jeep ya Mungu.

Jumapili tukila bukari, ugali wetu, pamoja, mazungumzo ni jeep. Watu wengine wanasimulia mpira, wetu wanalinganisha magari. Ipi ina nguvu, ipi iko juu, ipi inakunywa kidogo, ipi ilipita mtaa uliojaa maji wakati zingine zimesimama.

"Yangu njo motokari ya kweli," Jean-Claude anasema. "Zenu ziko za kuchezea batoto."

"Yako?" Plamedie anacheka. "Ile iko ya patron. Siku banakufukuza ku kazi, utarudia na miguu."

"Miye patron yangu iko Bwana tu," Hénoc anamaliza, "na Ye hafukuzake muntu."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Edouard alikuwa anasikiliza huku anatabasamu, mkono umeshika bukari, amesahau kula. Alikuwa anajivunia. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu yale yote aliyoyasikia mezani alikuwa anayapeleka kwa simu Mitwaba.

Mitwaba ndiko kwao, kaskazini, mbali, na huko alikuwa na dada yake mkubwa, Edith, aliyemwita yaya. Mama yao alipokufa Edouard alikuwa mtoto wa kubebwa, na Edith ndiye aliyembeba. Alilima mihogo, akaiuza, akamvalisha, na alipofika umri wa shule alimpandisha kwenye lori la mihogo akamwambia asirudi mpaka ajue kusoma. Yeye mwenyewe hakupata mtoto. Kwao ukoo unapitia kwa mama, kwa hiyo watoto wangu si wa ukoo wake, na mimi ndiyo kabisa, mtoto wa mchimbaji wa Kipushi ambaye wazee wake walitoka Kasai. Edith alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye anayefungua geti hapa.

Hakuwa na simu. Alitumia ya Mwelwa, mzee jirani yake, na huyo lazima nimweleze. Kwao kila ukoo una ukoo mwingine wa kutaniana nao, na mtani wa namna hiyo wanamwita munungwe. Ukoo wa Edouard ni wa Uyoga, wa Mwelwa ni wa Mvula, yaani mvua, na Mvula anasema bila yeye Uyoga asingeota. Munungwe anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akaja kwenye kilio chako akamcheka hata marehemu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Nilipoolewa nilifikiri ni wendawazimu. Mwelwa akipiga simu, neno lake la kwanza ni: "Uyoga, hujaoza bado?" Na mume wangu anacheka mpaka machozi.

Basi Edouard alimwelezea Edith jeep zote tatu, mpaka rangi ya viti. Na yule mama alikuwa na akili. Alizishika zote kichwani, akaanza kuzilinganisha huko huko aliko.

"Ile ya usukani upande ya kuume," nilimsikia siku moja, maana Edouard anaweka simu kwa sauti, "chauffeur anaketi upande ya mushimo, ao?"

"Njo vile, yaya."

"Sasa akikutana na chauffeur mwenzake, anamusalimia munamuna gani?"

Kila simu ilimalizika kwa swali moja: "Utakuya na gani?" Na Edouard alijibu leo hii, kesho ile. Aliahidi jeep tatu ambazo hata moja si yake. Ahadi ni deni, wanasema, lakini huyu alikuwa anakopa kwenye mifuko ya watu wengine.

Siku moja Edith alimwambia: "Nilishalima fasi ya kuweka motokari. Pa mulango kabisa. Niliweka na matofali pembeni, chauffeur asikose."

Nyumba yake iko karibu na barabara ya malori. Edouard alipomaliza simu ile alinieleza pahali penyewe, hapa mlango, hapa njia nyembamba, hapa palikuwa na jiwe la kusagia. Alikuwa mwekundu wa furaha, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Mimi nilikuwa nawajua watoto wangu.

Mvua zilipoanza, Mwelwa alipiga simu.

"Uyoga, hujaoza bado? Vizuri, juu yaya yako njo anataka kukutangulia. Miguu inavimba mpaka mu magoti. Docta anasema ni moyo. Anauliza jeep gani inakuya. Kuya mbio."

Jumapili ile ile, baada ya misa, Edouard alingoja watu washibe. Akanawa, akapangusa mikono, akasema kwamba Yaya Edith anaumwa sana na anataka kumwona. Anaomba jeep moja impeleke Mitwaba. Yoyote.

Nimeishi miaka mingi, lakini siku ile ndipo niliposikia mtu akilitukana gari lake mwenyewe.

"Papa, yangu ile kampuni banaiona fasi yote iko," Jean-Claude alianza. "Nikipita Likasi kidogo tu, simu inalia. Na tairi zake zimechoka. Kwa matope, ya Hénoc njo iko nguvu."

"Yangu?" Hénoc akashtuka. "Yangu inakunywaka mazout kupita mulevi, papa. Na kule ku mugini kuko mambo ya bankambo, ya mizimu. Motokari ya Bwana haiwezi kuingia mule bila kufunga na kuomba kwanza. Ya Plamedie haikunywake mingi."

"Yangu iko chini sana!" Plamedie alishika kifua. "Jiwe moya tu, tumbo inapasuka. Ile iko ya goudron, ya lami tu, papa, haijue matope. Ya Jean-Claude njo ilitengenezwa juu ya kazi ya vile."

Ikazunguka meza hivyo. Ile ya kweli ilikuwa imechoka, ile ya Bwana ilikuwa mlevi, ile iliyopita mtaa uliojaa maji ilikuwa haijui maji. Kila mmoja aliisifu jeep ya mwenzake kwa maneno yale yale aliyoyakataa juma lililopita. Edouard aligeuza kichwa huku na huku kumfuata anayesema, na macho yake yale mabovu. Mimi nikachemka.

"Sasa tumukodie motokari ya bei," nikasema. "Motokari za kukodi ziko mingi ku soko."

Plamedie akanitazama. "Mama! Lupango ya jeep tatu inakodi motokari? Bantu batasema nini?"

Na hapo wote watatu walikubaliana, jambo lisilotokea mara nyingi kwetu. Juu ya lori Edouard hawezi kupanda na ile nyonga, pikipiki daktari alimkataza. Kwa hiyo njia zote zilikuwa zimefungwa, na waliozifunga ni zile jeep zenyewe. Kama tungekuwa hatuna hata moja, angekwisha kufika.

"Tungoje mvua zipungue," Jean-Claude alisema kwa upole. "Njia itakauka, papa. Hapo hata ile ya Plamedie itapita."

Sitaki mtu afikiri watoto wangu ni wabaya. Wanamlipia baba yao dawa za macho, Plamedie anamnunulia viatu laini, Hénoc anamwombea kila Ijumaa. Ukiwauliza kama wanampenda watalia. Ndiyo maana sikujua la kufanya nao. Mtu mbaya unamfukuza, lakini mtu mwema mwenye sababu nzuri utamfanya nini?

Baadaye Jean-Claude moyo ulimchoma. Akaenda kuomba ruhusa kazini, akaipata, wakasema Jumamosi. Edouard hakulala vizuri juma zima. Nilimfungia sukari, chumvi, kitenge kipya na dawa za moyo ambazo Plamedie alizitafuta mjini. Jumamosi, kabla jua halijapanda, alikuwa amekwisha kuvaa koti la misa na kofia, ameketi kwenye kiti cha mbele cha jeep nyeupe, mzigo magotini. Jean-Claude alikuwa bado anakunywa chai. Nilimpelekea yake dirishani, akaikataa, akasema atakunywa kwa Edith.

Simu ya Jean-Claude ikalia. Wakubwa wa kampuni wamefika ghafla kukagua, kila gari lirudi mgodini mara moja.

Jean-Claude alizunguka jeep mara mbili. "Papa, shuka kidogo. Nitarudia, tutaenda hata kesho."

Edouard alishuka, mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine. Akaweka mzigo chini. Akaenda akamfungulia geti.

Nilimchukia Mungu kidogo asubuhi ile, na nilikwenda kuungama. Kesho haikufika. Ukaguzi ulikwisha, ikaja kazi nyingine, ikaja mvua kubwa iliyokata daraja dogo, daraja likatengenezwa, Plamedie akawa na mzigo mpakani, Hénoc akawa na mkutano wa injili. Mzigo wa sukari na chumvi ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nilikuwa naugonga kwa mguu kila nikitoka.

Edith alipiga simu. Sauti ilikuwa imekonda.

"Ile ya bendera njo ilikuwa inakuya?"

"Njo ile, yaya. Imerudia ku kazi."

"Hakuna neno. Na ile ya Mungu?"

"Iko inafunga na kuomba."

Akacheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka, na nyuma yake tukamsikia Mwelwa anacheka. Halafu akavuta pumzi, akasema:

"Sikia, mudogo yangu. Miye sichague tena. Hata ile ndogo. Minasikiaka malori kila siku. Inakuya, inapita. Inakuya, inapita. Minataka tu kusikia moya inazimika pa mulango yangu."

Simu ikakatika. Jioni Edouard aliwaambia watoto maneno yale, neno kwa neno. Plamedie alifuta machozi. Wote walisema lazima iwe mwisho wa mwezi.

Edith hakufika mwisho wa mwezi. Asubuhi moja simu ililia Edouard akiwa getini, Hénoc ndani ya jeep anangoja kutoka.

"Uyoga," Mwelwa alisema, "sasa unaweza kuya polepole. Hakuna muntu anakungoja tena."

Nilidhani ni utani wake. Kwa kweli ulikuwa utani wake.

Na sasa sikilizeni ajabu. Jua halijafika kichwani, jeep zote tatu zilikuwa tayari. Kampuni ilitoa ruhusa kwa simu moja, maana kwa shangazi aliyekufa kuna ruhusa, kwa shangazi anayekufa hakuna. Waamini wa Hénoc walichanga mafuta hata yakabaki. Plamedie alifunga duka, kwa sababu watu wangesema nini, shangazi anazikwa na mfanyabiashara anauza viatu? Waliziosha. Naapa, walizipaka sabuni wakaziosha, magari yanayokwenda kwenye matope! Nilisimama mlangoni mikono kiunoni nikitafuta tusi linalofaa, nikalikosa. Nikaenda kuvaa nguo nyeusi. Nikauchukua na ule mzigo nyuma ya mlango.

Edouard alipanda jeep ndogo ya Plamedie kwa sababu iko chini, nyonga haikumsumbua. Mimi nilikaa nyuma, juu ya plastiki. Yeye alitaka kushuka afungue geti, Jean-Claude akamwahi akalifungua mwenyewe.

Tulipita Likasi, tukaacha lami. Matope yalikuwepo, siwezi kudanganya. Jeep ya Mungu ilizama mpaka tumboni, ile ya kampuni ikaivuta kwa kamba, kibendera kinatikisika. Mbele kidogo ile ya kampuni nayo ikakwama, wenyeji wakaisukuma. Jeep ndogo nyeusi ilipita pembeni, juu ya majani, kama mbuzi. Ilipita mara ya kwanza, ikapita ya pili, ikavuka mto Lufira, ikapanda vilima. Plamedie alikuwa anaendesha huku analia, na kila tulipovuka shimo alilia zaidi.

"Papa, inapita," alisema.

"Minaona," Edouard alijibu.

Usiku tulilala njiani, na kesho yake tukaondoka.

Mitwaba tulifika mvua imesimama kidogo. Pale njia ndogo inapoacha barabara kwenda kwa Edith, mtu alikuwa amelala chini katikati ya matope. Plamedie akakanyaga breki. Jeep zote tatu zikasimama. Yule mtu akainuka taratibu. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kitenge cha kike kiunoni na kitambaa cha kike kichwani. Akaanza kuchechemea kuja kwetu kama mtu mwenye miguu iliyovimba, mkono mmoja juu ya macho, anatazama barabara huku na huku.

"Utakuya na gani?" akaita kwa sauti nyembamba ya mwanamke. "Mudogo yangu, utakuya na gani?"

Ilikuwa sauti ya Edith kabisa. Watu wa kilio waliokuwa kando ya njia wakacheka, wengine wanalia wakicheka. Ndipo nikajua huyu ni Mwelwa, na kile kitenge ni cha marehemu.

Hénoc alishuka, kifua mbele. "We mzee, toka hapa! Hii ni dharau ku wafu, kwa jina ya—"

"Wacha," Edouard alimwambia dirishani. "Ye iko na haki."

Akashuka. Mwelwa hakumpa mkono. Alizunguka jeep moja moja, akizipiga tairi kwa fimbo, na alizijua zote.

"Hii ya bendera njo ya kazi. Hii ya usukani ya kuume njo ya biashara. Hii njo ya Mungu, imemaliza kufunga na kuomba." Akamrudia mume wangu, akainamisha kichwa kile chenye kitambaa. "Na ya Uyoga iko gani?"

"Miye sina," Edouard alisema.

"Kumbe! Edith alituambia uko na tatu."

Watu wakacheka tena. Nilitaka kumpiga yule mzee, naapa ningempiga, lakini desturi si yangu na kilio si changu. Munungwe akiwa kwenye kilio anachukua anachotaka mkononi mwa wafiwa, na hurudisha akipenda. Mwelwa alinyosha mkono dirishani kwa Plamedie, funguo. Akaenda kwa Jean-Claude, funguo. Hénoc alisita, akatazama baba yake, akatoa. Mwelwa akaja nazo zote tatu akaziweka kwenye kiganja cha Edouard, akamfunga vidole.

"Leo zote ziko zako. Ingiza moya. Fasi yake ile pale. Alikuwa analima kila majani ikiota, mpaka miguu ilikatala. Mara ya mwisho alilima ameketi chini."

Tulitazama. Mbele ya mlango kulikuwa na uwanja mdogo uliosafishwa, udongo mtupu, matofali yamepangwa pembeni kwa mstari. Majani mapya yalikuwa yameanza kutoka.

"Sijue kuendesha," Edouard alisema.

"Minajua haujue," Mwelwa alijibu.

Mume wangu alisimama kwenye matope na funguo tatu mkononi. Alizitazama karibu sana na macho, kama anatafuta iliyo yake. Watoto wakamzunguka.

"Papa, kamata yangu," Jean-Claude alisema. "Yangu njo iko juu."

"Yangu, papa. Bwana mwenyewe njo—"

"Ya kwangu ndogo, papa. Yaya alisema hata ile ndogo."

Wakaanza kulinganisha. Pale, mbele ya watu, mbele ya mlango wa marehemu, ipi itageuka vizuri, ipi itakanyaga matofali. Hawakujua la kufanya na mikono yao, maskini, wala na midomo. Edouard akachagua ufunguo mmoja, akampa Plamedie. Zile zingine mbili alizitia mfukoni mwa koti la misa.

Akapanda kiti cha mbele. Mimi nikapanda nyuma, mzigo magotini. Mwelwa akaondoka njiani. Jeep ikaenda polepole zile hatua chache zilizobaki, ikaingia kati ya matofali, ikasimama mbele ya mlango.

"Zima," Edouard alisema.

Plamedie akazima.

Ndani ya nyumba waliokuwa wanalia walinyamaza mara moja, labda kwa sababu ya injini. Mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa giza. Edouard aliutazama. Hakushuka. Nilifikiri ni nyonga, halafu nikaelewa kwamba anangoja. Tukakaa hivyo, yeye, mimi na mtoto wetu, juu ya plastiki, tukiutazama ule mlango, na hakuna aliyetoka.

Mwelwa alikuja kutoka barabarani na kitenge cha Edith kiunoni. Hakuchechemea. Alimfungulia Edouard mlango wa jeep, akamshika mkono, akangoja mpaka akashusha ule mguu mbovu, na hakusema utani wowote.